Bergamoti: Tunda la Reggio, Utajiri wa Ugenini

Kwenye ncha ya kusini ya bara la Italia, mahali ambapo kisiwa cha Sicilia kinaonekana kwa macho ng'ambo ya mlango-bahari wa Messina, kuna ukanda mwembamba wa pwani unaoanzia Villa San Giovanni. Unapita mji wa Reggio Calabria, unaizunguka ncha ya nchi, kisha unapanda upande wa bahari ya Ionia hadi Gioiosa. Nyuma yake umesimama mlima Aspromonte, unaoukinga na baridi ya kaskazini. Kutoka mlimani hushuka mito ambayo wenyeji huiita fiumare. Karibu mwaka mzima mito hiyo ni mikavu, mawe meupe matupu, lakini mvua kubwa ikinyesha hufurika na kusomba madaraja. Katika udongo ulioletwa na mito hiyo, kwenye mashamba ambayo leo kwa jumla ni kama hekta 1,500 tu, ndiko inakotoka zaidi ya asilimia 80 ya bergamoti inayovunwa duniani.

Bergamoti ni ndugu wa ndimu na chungwa. Wataalamu waliochunguza vinasaba vyake wamethibitisha kuwa ni mtoto wa danzi na limau. Ni la mviringo, mara nyingine limechongoka kidogo upande wa kikonyo. Huwa kijani uvunaji unapoanza Novemba, na likiachwa mtini hadi Februari huwa limeiva manjano. Ndani yake ni kali na chungu, na kwa muda mrefu watu wa Reggio wenyewe hawakulihesabu kuwa tunda la kula. Thamani ilikuwa kwenye ganda. Ukilitazama kwa karibu unaona vitone vingi vidogo, na kila kitone ni kifuko cha mafuta. Kwangua kidogo kwa ukucha, vifuko vinapasuka na harufu inakujia usoni. Unasikia kwanza uchachu wa limau, kisha utamu wa ua, na mwishoni ukali mwepesi. Utamu huo wa ua hautokani na bahati. Viambata vyake vikuu, linaloli na asetati ya linalili, ndivyo vilivyomo pia katika ua la lavenda, na limau la kawaida lina kidogo sana cha hivyo.

Ili kupata kilo moja ya mafuta hayo zinahitajika takriban kilo 200 za matunda. Ndiyo maana historia ya bergamoti naisoma nikiwa na swali moja: harufu ikishatoka kwenye ganda, fedha zake zinatua wapi? Kwa zaidi ya karne mbili zilitua Köln, Grasse, Messina, London na Paris. Reggio ilibaki na kazi.

Asili ya mti wenyewe imezungukwa na hadithi. Ile inayopendwa zaidi Reggio inasema kuwa Mwarabu mmoja wa Hispania aliuza tawi moja la mti huo kwa sarafu 18 za fedha kwa mabwana wa ukoo wa Valentino, nao wakalibebesha juu ya mdanzi katika shamba lao la Santa Caterina. Sarafu na ukoo tuwaachie wasimulizi, lakini sehemu ya mdanzi ni ya kweli kabisa. Hadi leo bergamoti hubebeshwa juu ya shina la mdanzi, kwa sababu shina hilo hustahimili udongo na maradhi.

Mti ulipata bahati yake mbali na kwao. Mwishoni mwa karne ya 17 wafanyabiashara kutoka mabonde ya milima ya kaskazini mwa Italia walikuwa wakivuka Alpi kutafuta riziki katika miji ya Kijerumani. Mmoja wao, Giovanni Paolo Feminis, aliuza Köln maji yenye harufu yaliyosifiwa kwa kutibu kila ugonjwa. Mwaka 1709 familia ya Farina, nayo ya mabonde hayohayo, ilifungua biashara katika mji huo, na miaka michache baadaye Giovanni Maria Farina akajiunga na kaka yake. Inasimuliwa na familia hiyo kuwa Giovanni Maria alimwandikia kaka yake kuwa amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya masika huko Italia mvua ikiwa imekwisha kunyesha. Msingi wa harufu hiyo ulikuwa bergamoti na ndugu zake wa jamii ya ndimu, vikiyeyushwa katika spiriti. Akayapa manukato hayo jina la mji uliompokea, na hadi leo dunia inayaita maji ya Köln.

Inafaa kukumbuka Ulaya ilinukia nini kabla ya hapo. Wakubwa walijipaka miski, zabadi na ambari, harufu nzito zinazokaa nguoni siku nyingi. Ambari hiyo baadhi yake ilitoka pwani yetu. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliandika kuwa ambari bora kuliko zote ni ile ya pwani ya Zenji. Kilichofanywa na Farina kilikuwa kinyume chake: harufu nyepesi, safi, inayopanda haraka na kupotea haraka. Hapo ndipo bergamoti ilipokuwa haina mpinzani, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kufika puani na ndiyo inayoshika mkono harufu nyingine zote zinazofuata. Majumba ya wafalme yakaagiza. Napoleon alijulikana kwa kuyatumia manukato ya Köln bila kipimo. Na kwa kuwa tunda lilistawi sehemu chache sana za Ulaya, Reggio ikaanza kuulizwa mafuta.

Mwaka 1750 ndio unaotajwa kuwa mwanzo wa shamba la kwanza lililopandwa kwa mpango wa biashara. Nicola Parisi alipanda miti hiyo Rada dei Giunchi, ufukweni mwa Reggio, mahali ambapo leo pamemezwa na mji. Kabla yake mti huo ulikuwa pambo la bustani za wenye nacho. Baada yake mashamba yalitambaa kusini, Pellaro, Melito, Condofuri, Bova na Brancaleone, kila mahali penye maji ya kumwagilia na kinga ya upepo.

Kazi ya kutoa mafuta ilikuwa ya mikono mitupu. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu vitabu vya manukato huruka ukurasa huu na kwenda moja kwa moja kwenye vichupa vya kioo. Tunda lilikatwa katikati. Kwa kijiko chenye makali mfanyakazi alikomba nyama yote, likabaki ganda tupu. Maganda yaliachwa saa kadhaa yakakakamaa. Kisha aliketi mtu ambaye mafundi wa Reggio walimwita sfumatore, kwenye kigoda kifupi, mbele yake bakuli la udongo ambalo juu yake kimelazwa kijiti kilichofungwa sponji za baharini. Alichukua nusu ya ganda, akaibana kwenye sponji kwa kiganja, akaizungusha kidogo, akaibana tena. Mafuta yakachuruzika kutoka kwenye vifuko na kunywewa na sponji. Sponji iliposhiba aliikamua, na bakulini maji ya ganda yakashuka chini, mafuta ya kijani yakaelea juu, akayamimina taratibu. Ganda baada ya ganda, kuanzia Novemba hadi majira ya baridi yaishe, viganja vikiungua kwa uchachu. Mafuta yakatiwa katika vyombo vya shaba vilivyopakwa bati ndani, vikazibwa, maana hewa na mwanga huyaharibu.

Mashamba yenyewe yalikuwa ya makabaila. Mkulima aliishi humo na familia yake kwa mkataba wa kugawana mavuno, akalima, akapogoa, akafungulia maji kutoka kwenye birika za mawe. Bergamoti kwa sehemu kubwa ilikuwa ya bwana. Yeye alijitafutia chakula kwa mboga alizopanda kati ya mistari ya miti. Wanawake walibeba makapu ya matunda kichwani hadi kwenye ghala la kukamulia. Bwana akauza kwa dalali, dalali akavusha mlango-bahari hadi Messina, na huko mafuta yakapata jina jipya, kwani wanunuzi wa Ulaya waliyafahamu kuwa ni mafuta ya Messina. Njiani baadhi yalichakachuliwa kwa tapentaini au mafuta ya limau, na lawama ikaangukia sehemu yalikotoka.

Huko ughaibuni kila mtu aligundua matumizi yake. Mafundi wa Grasse, mji wa manukato wa kusini mwa Ufaransa, katika karne ya 18 hawakuridhika na mafuta, wakatumia hata ganda. Walilivua zima, wakaligeuza ndani nje, wakalilowesha na kulikausha juu ya kalibu, wakatengeneza vijaluba vya kuwekea ugoro na peremende, vilivyochorwa maua na ndege, na ndani vikaendelea kunukia kwa miaka. Huko Nancy, katikati ya karne ya 19, zilianza kutengenezwa peremende za mraba, za rangi ya kahawia ya dhahabu, zenye mafuta hayo, na bado zinauzwa. Reggio nayo haikukaa kimya. Mwaka 1804 daktari wa hapo, Francesco Calabrò, alichapa kitabu juu ya faida ya mafuta ya bergamoti katika kutibu vidonda.

Mageuzi makubwa ya kazi yalitoka Reggio penyewe, na hilo napenda lisemwe kwa sauti. Mwaka 1844 Nicola Barillà alibuni mashine iliyokuja kuitwa mashine ya Kalabria. Matunda mazima yalipangwa ndani ya chombo chenye sahani mbili zilizojaa meno. Mtu akazungusha gurudumu, sahani zikazunguka, matunda yakajikwangua ganda kwa pande zote na mafuta yakatiririka chini. Kilichokuwa kazi ya siku nzima ya sponji kikawa kazi ya dakika. Hakuna moto uliotumika, na ndivyo ilivyo hadi sasa: mafuta bora ya bergamoti hukamuliwa kwa baridi, kwa kuwa joto la kutonesha hupoteza ile harufu ya tunda bichi. Mashine za leo ni za umeme, zenye magurudumu ya kukwaruza, maji ya kunyunyizia na mitambo ya kasi inayotenganisha mafuta na maji, lakini wazo ni lile la Barillà.

Hata mabaki yalikuwa na soko. Maji ya tunda yalichemshwa na kutiwa chokaa, yakatoa chumvi iliyosafirishwa kwenda kutengenezewa asidi ya sitriki viwandani Ulaya na Marekani. Kapi zililisha mifugo. Mlango huo wa asidi ulifungwa na kuvu. Mwaka 1917 mkemia wa Marekani James Currie alionyesha kuwa kuvu aina ya Aspergillus niger, ikilishwa sukari, hutoa asidi hiyo kwa wingi, na mwaka 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuizalisha hivyo Brooklyn. Wakulima wa Kalabria na Sicilia waliipata habari hiyo katika bei.

Na chai? Hapa pana hadithi ambayo wauzaji wameirudia mpaka ikawa kama historia. Inasema kuwa Charles Grey, bwana mwenye cheo cha Earl na Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 1830 hadi 1834, alipewa siri ya mchanganyiko na Mchina aliyemshukuru kwa kumwokoa mwanawe. Grey hakuwahi kukanyaga China, na kutia chai bergamoti hakukuwa desturi ya Wachina. Kumbukumbu za Uingereza zinaeleza jambo la kawaida zaidi. Wauzaji walitia mafuta ya bergamoti kwenye chai hafifu ili iuzwe kwa bei ya chai nzuri, na mwaka 1837 wauzaji fulani walifikishwa mbele ya sheria kwa kosa hilo. Jina la Grey lilikuja kubandikwa baadaye, na kufikia miaka ya 1880 matangazo ya London yalikuwa yakiitangaza chai ya Earl Grey kuwa ni kitu cha wastaarabu. Mbinu ya kuficha ubovu ikageuka kuwa fahari. Leo chai nyeusi ya Kericho na Limuru inayopita kwenye mnada wa Mombasa huingia katika michanganyiko ya wauzaji wa Uingereza, na ikitiwa bergamoti hukutana humo mikono miwili ambayo haijawahi kuonana, ya mchumaji wa Kenya na ya mkulima wa Reggio. Faida kubwa humwangukia aliyechanganya na kufunga pakiti.

Desemba 28, 1908, saa 11 na dakika 20 alfajiri, ardhi ilitetemeka chini ya mlango-bahari. Messina na Reggio zilianguka, kisha bahari ikapanda juu ya waliokimbilia ufukweni. Watu zaidi ya 75,000 walikufa katika pwani hizo mbili. Ilikuwa katikati ya mavuno. Miti kwa kiasi kikubwa ilibaki imesimama na matunda yake. Waliokuwa wakiyachuma, kuyakamua na kuyauza ndio waliofukiwa. Messina kama soko la mafuta haikurudia tena ukubwa wake, na biashara ikaanza kurudi upande wa pili wa maji, karibu na mashamba.

Ni baada ya tetemeko hilo Reggio ilipoanza kujisimamia. Mwaka 1918 ilifunguliwa humo taasisi ya utafiti wa mafuta ya ndimu na machungwa, na maabara yake ikawa kinga dhidi ya uchakachuaji: mnunuzi angeweza kupewa cheti kinachosema mafuta haya ni safi. Katika miaka ya 1930 wazalishaji wakawekwa chini ya jumuiya moja iliyokusanya mafuta, kuyapima na kuyauza. Ilianzishwa enzi ya udikteta, na haikukosa mabavu wala upendeleo. Hata hivyo nasimama na wanaosema kuwa bila jumuiya hiyo na bila maabara ile, jina la bergamoti lingekufa kwa kuchanganywa na kila takataka.

Soko la manukato lilikuwa katika ubora wake. Shalimar, manukato ambayo Guerlain wa Paris aliyatoa mwaka 1925, yana bergamoti nyingi isiyo ya kawaida juu ya vanila nzito, na yanauzwa mpaka sasa. Lakini miaka hiyohiyo madaktari wa ngozi walikuwa wakiona wagonjwa wenye alama za kahawia shingoni, zenye umbo la matone yanayochuruzika, mahali hasa walipojipaka manukato kabla ya kutoka juani. Daktari aitwaye Freund alikwisha kulieleza jambo hilo mwaka 1916. Mkosaji alikuja kutambuliwa: ni bergapteni, kiambata kilichomo katika mafuta ya bergamoti, ambacho kikipigwa na mwanga wa jua huiunguza ngozi. Baadaye kikashukiwa pia kuchangia saratani, na sheria za Ulaya zikabana kiasi chake katika vipodozi.

Pigo hilo lilikuja sambamba na jingine. Maabara ziliweza kutengeneza asetati ya linalili kwa bei ndogo, na watengenezaji wa sabuni na manukato ya rahisi wakaona hakuna haja ya kulipia kilo 200 za matunda. Kuanzia miaka ya 1960 mashamba yaling'olewa. Vijana wa Kalabria walipanda treni kwenda Torino, Milano na Ujerumani. Mikataba mipya ya kugawana mavuno ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1964, haki iliyochelewa, na wengi walioipata walikuta shamba halilipi. Pembezoni mwa Reggio nyumba za matofali zikaota pale palipokuwa na miti.

Wengi waliiandikia bergamoti wasifu wa marehemu wakati huo. Haikufa, na sababu tatu naziona wazi. Bergapteni iliwezekana kuondolewa, na mafuta yaliyosafishwa yakakubalika tena. Pua za mafundi wa manukato zilikataa kudanganywa, kwa kuwa mafuta ya kweli yana mamia ya viambata na nakala ya maabara ina vichache. Na wakulima walijiunga kuuza pamoja, wakapata mikataba ya miaka mingi na kampuni za kukamua zilizobaki kwao, kama ile ya ukoo wa Capua iliyoanza mwaka 1880. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya uliyapa mafuta ya bergamoti ya Reggio Calabria ulinzi wa jina la asili. Tangu hapo mafuta yanayobeba jina hilo ni lazima yawe yametoka katika ukanda ule na kukamuliwa humo. Dalali wa bandari ya mbali hawezi tena kuyabatiza upya.

Watasema wengine kuwa mti huu hauzai kwingine. Si kweli. Kusini-magharibi mwa Côte d'Ivoire, karibu na Sassandra, bergamoti hulimwa kwa ajili ya mafuta na kuuzwa Ulaya. Reggio ina udongo mzuri na hali ya hewa nzuri, lakini kinachoitofautisha zaidi ni maabara, ujuzi wa kukamua na jina lililolindwa kisheria. Mambo hayo yalijengwa na watu.

Miaka ya karibuni tunda lenyewe, lile ambalo halikuliwa, limepata walaji. Watafiti wa vyuo vikuu vya Kalabria walipochapisha matokeo juu ya maji yake na lehemu katika damu, juisi ya bergamoti ikaanza kuuzwa madukani Italia nzima. Utafiti unaendelea, na juisi si dawa ya kumwachisha mtu vidonge vyake, lakini mkulima sasa anauza tena ganda na kilichomo ndani yake.

Jambo moja katika mkoa huohuo halijatengenezwa. Januari 2010, Rosarno, mji wa machungwa upande wa pili wa Aspromonte, wachumaji kutoka Afrika walipigwa risasi za bunduki za upepo, wakaandamana kwa hasira, na zaidi ya 1,000 wakaondolewa mjini. Walikuwa wakilala katika viwanda vilivyoachwa na kulipwa ujira mdogo mno. Ulinzi wa jina unamlinda mwenye shamba na mnunuzi. Mchumaji wa machungwa au wa bergamoti anahitaji sheria yake, na watu wa Reggio, ambao babu zao walikamua sponji kwa faida ya wengine, wana sababu kuliko mtu yeyote ya kuidai.

Kwako msomaji: ukinunua chai ya Earl Grey, soma maandishi madogo ya pakiti. Ikiandikwa kuwa ina mafuta ya bergamoti, au ladha asilia ya bergamoti, kuna mti na mkulima nyuma yake. Ikiandikwa ladha tu, huenda ni kazi ya maabara. Na ukiletewa kichupa cha mafuta yenyewe kutoka ughaibuni, usijipake kisha ukatoka juani kabla ya kuhakikisha kuwa bergapteni imeondolewa. Jua letu ni kali kuliko la Reggio.